Senta Fowadi Wetu wa Matrah

Jina lake alilopewa na wazee wake watu walikuwa nalo, lakini hawakulitumia. Unguja akiitwa Senta Fowadi kwa kirefu, na tulipohamia Maskati jina likafupika, likabaki Senta. Hata mkewe akimtuma mtu kwenda kumwita husema, "Mwambie Senta chai tayari." Tajiri wetu wa Kihindi pale Matrah, bandari jirani na Maskati, ambaye hakupata kuutazama mpira maisha yake yote, naye akimwita Santa, akidhani ndilo jina la kuzaliwa.

Mimi nilimjua kabla yeye hajanijua. Miaka ile alipokuwa akivuma nilikuwa miongoni mwa mamia ya watu waliosimama nyuma ya goli viwanja vya Mnazi Mmoja, nikipiga kelele mpaka sauti inakauka. Hakuwa mkimbiaji. Mtu asiyemjua angesema kaja kupunga upepo. Anasimama, mikono kiunoni, anatazama pembeni kama anayemngoja mtu aliyechelewa, na beki anayemlinda anaanza kumsahau. Kisha mpira unatoka kushoto, na unapofika, yeye yupo pale pale unapotua, na kipa anaokota wavuni. Watu waliosoma magazeti walisema anacheza kama Wabrazili. Nilipokuja kumjua nilimwuliza kuhusu hilo, akacheka.

"Brazil nimeiona wapi mimi, yakhe? Hata Pemba nimekwenda mara mbili tu."

Tulikutana kwa kweli mwaka ule wa sitini na nne, katika ghala la ndimu kavu na tende, Matrah. Wote wawili tulikuwa tumefika na nguo za mwilini na kifurushi kimoja kimoja. Mimi niliajiriwa kumwandikia tajiri barua zake za Kiingereza. Yeye aliwekwa kwenye mizani, kupima magunia kutoka asubuhi mpaka alasiri, kwa kusimama. Siku ya kwanza nilipomwona amesimama, uzito wote ameutupa mguu wa kushoto, wa kulia ameupumzisha kidogo mbele, nilimtambua kabla sijamtazama usoni. Nilishindwa kujizuia. Nikamwambia, "Wewe si Senta?"

Akanitazama muda, akasema, "Nlikuwa." Halafu akaendelea kupima.

Urafiki wetu ulianza hapo. Alinizidi miaka kumi na tano au zaidi, lakini hakutaka nimwite ami. Yeye akiniita Karani. Nyumba zetu zilitazamana katika uchochoro mmoja, na ukuta wa kwetu ulikuwa mfupi kiasi kwamba mkewe akipika samaki wa nazi mke wangu alijua amezidisha ndimu. Mkewe aliniita shemeji tangu wiki ya kwanza.

Alikuwa mtu wa kusimulia. Alasiri tukitoka kazini tulikaa juu ya baraza ya nyumba yake, sisi Waunguja watano sita, na yeye akatupeleka tena viwanjani. Kulikuwa na safari ya Mombasa, alipocheza na homa, amevaa fulana mbili ndani ya jezi na bado anatetemeka, akafunga matatu, na usiku hakuweza kukumbuka hata moja. Wenzake ndio waliomsimulia. Kulikuwa na mechi aliyofunga kwa kichwa huku mpira umejaa maji ya mvua, mzito kama dafu, akaona nyota mchana kweupe, akaenda kumkumbatia refarii akidhani ni nahodha wake. Hadithi zilibadilika. Kipa aliyekuwa mrefu wiki iliyopita, wiki hii alikuwa mfupi lakini mwepesi. Mtu akimwuliza amefunga mabao mangapi kwa jumla, hujibu, "Waliokuwa wakihesabu hawakuwa wakifunga."

Lakini huyo huyo mwenye maneno mengi hakutaka kuuona mpira. Watoto wa uchochoroni walikuwa na mpira wa matambara. Ukiingia uani kwake aliuokota kwa mkono, akautoa nje, akafunga mlango. Hakuupiga hata mara moja. Ijumaa vijana wetu wakienda bonde la Ruwi kucheza, mbali kidogo na macho ya wakubwa ambao hawakuupenda mchezo huo, yeye alibaki kibarazani akichambua mchele wa mkewe. Nilidhani anaringa.

Siku moja ghalani gunia lilipasuka. Ndimu kavu zikamwagika sakafuni, zikatawanyika huku na huko. Moja ikaruka kwake. Senta alikuwa akisoma mizani, hata hakuinamisha kichwa. Unyayo wake ukaituliza ndimu, ukaivuta nyuma kidogo, kisha vidole vikaiinua, ikapanda hewani, akaidaka kwa mkono na kuitia gunini. Yote kwa muda wa kupepesa jicho. Wachukuzi wa Kibalushi wakasimama na mizigo yao mabegani. Mmoja akasema, "Mashallah." Senta akageuka akatuona tunamtazama, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyefumaniwa.

Wengine waliona ni mgumu wa kusifu, na kweli alikuwa hivyo. Kijana akimhadithia chenga aliyompiga mtu, Senta atasema, "Na mpira ulikwenda kwa nani baada ya hapo?" Kijana akikosa jibu, basi mazungumzo yamekwisha. Aliamini bao si la aliyelifunga. Hilo alilisema mara nyingi na kwa hasira kidogo, kama anayejibishana na mtu asiyekuwepo.

Kwa nini aliacha mpira? Watu aliwaambia goti. Kwa mkewe alisema umri. Mimi aliniambia kitu chengine, Ijumaa moja baada ya sala, tumekaa kwenye ukuta wa pwani ya Matrah tukingoja jua lipungue.

Alikuwa na winga wake wa kushoto. Mabao yake yote mazuri, alisema, yalitoka katika mguu wa mtu yule. Walianza pamoja wakiwa peku, wakanunua viatu vya kwanza pamoja, jozi moja, wakavaa kwa zamu mpaka ya pili ikapatikana. Wake zao walisukana nywele. Kisha zikaja zile siku za siasa, kila nyumba na chama chake, kila duka na wateja wake, na hata visima vikawa na wenyewe. Winga akawa upande huu, Senta upande ule.

"Hatukugombana," alisema. "Ungetokea ugomvi ningefurahi. Aliacha kunamkia tu. Mnafika uwanjani, kila mtu anavaa viatu kwenye pembe yake."

"Mkaendelea kucheza?"

"Tukacheza. Mechi ya mwisho nlisimama mbele ya goli peke yangu, beki wote wamelala chini. Akaniona, wallahi aliniona. Akampa mwengine."

Nikamwuliza, "Mkashindwa?"

"Tukashinda. Yule mwengine alifunga. Watu wakashangilia. Ndipo nlipovua viatu, nkampa mtu asokuwa na viatu, nkarudi nyumbani. Baada ya mwaka yakatokea yale yaliyotokea, na yeye simjui yu hai au la." Akafuta chumvi ya bahari mkononi. "Nnaweza kumwandikia barua. Nnawaza kila siku. Wewe karani, unajua kuandika. Lakini barua kama ile inaanza vipi?"

Nilimwambia tutaiandika pamoja. Hatukuiandika.

Nimesema habari hizo ili ieleweke kwamba nilijua. Nililolifanya baadaye sikulifanya kwa kutojua.

Kule Unguja tukiitwa Waarabu. Tulipofika Oman tukaitwa Wazinjibari, na Kiarabu chetu kiliwachekesha watu. Vijana wa Matrah hawakuwa wabaya, lakini walipenda kutuigiza. Mmoja wao, mtoto wa mwenye duka la vitambaa jirani na ghala letu, alikuwa hodari wa kuigiza namna ninavyotamka. Nikimsalimia, ananijibu kwa sauti yangu, na duka zima linacheka. Nilicheka nao, na nyumbani nikakosa hamu ya kula. Siku moja nikamjibu. Nikamwambia sisi tuna timu, na tunaye senta fowadi ambaye huku kwenu hajazaliwa wa mfano wake. Akasema, "Mlete." Tukaahidiana kukutana Ijumaa ya kwanza ya mwezi uliofuata, Ruwi, baada ya alasiri.

Nilikwenda kwa Senta, nikamweleza. Akasema hapana. Kesho yake nikaenda tena, nikamwambia ni heshima ya Waunguja wote. Akasema heshima haiko miguuni mwake, na goti lake la kulia haliwezi. Akanionyesha, likiwa limevimba kwa kusimama siku nzima kwenye mizani. Mkewe akaleta kahawa akasema, "Shemeji, mwache. Usiku halali kwa goti hilo."

Siku ya tatu nilikwenda nikiwa na hasira, maana kijana wa vitambaa alikuwa ameniigiza tena asubuhi ile. Senta alikuwa kibarazani na wale wenzetu, yumo katikati ya hadithi ya Mombasa. Nikamkatiza mbele ya watu. Nikasema, "Senta, hebu tuambie leo. Mabao haya uliyafunga, au umeyatunga kwa ajili ya kibaraza?"

Mtu mmoja akacheka kidogo, akanyamaza. Senta akanitazama, na hakukasirika. Laiti angekasirika. Akauliza tu, "Ijumaa saa ngapi?"

Viatu vya mpira havikuwapo. Alivaa vya turubai, vya kuazima, vikimbana vidole. Uwanja wenyewe ulikuwa changarawe za bondeni, na magoli ni mawe mawili mawili. Walikuja watu wengi kuliko nilivyotarajia, hata wachukuzi wa ghalani walikuja. Mimi sikuwa mchezaji. Nilisimama nyuma ya goli lao, kama zamani.

Nusu saa nzima hakufanya kitu. Alisimama, mikono kiunoni, anatazama pembeni. Vijana wa Matrah walianza kumcheka, mtoto wa vitambaa akamwita babu. Wao walikuwa wameshatufunga moja. Kisha kijana wetu mmoja akaupiga mpira kutoka kushoto, upigaji wa hovyo, mpira mrefu usio na mwenyewe. Senta alikuwa yupo. Sijui alifikaje. Aliupokea kwa kifua, ukateremka pajani, na kabla haujagusa changarawe mguu wake wa kulia uliupiga, kipa hakusogea. Nilisikia jinsi ulivyompita. Watu wa pande zote mbili walipiga kelele kwa pamoja, na kwa muda ule mdogo sikujua tuko wapi, tuko Ruwi au tuko Mnazi Mmoja, na machozi yalinitoka.

Hakushangilia. Alikwenda kwa yule kijana aliyempa mpira, akamshika mkono kwa mikono miwili.

Dakika chache baadaye aligeuka kuufuata mpira mwengine. Hakuna aliyemgusa. Goti lilikwenda upande wake na mwili ukaenda upande mwengine, na mlio wa goti niliusikia kutoka nilipokuwa, kama ukuti mkavu unaovunjwa. Wakambeba mpaka kwenye jiwe kubwa kando ya uwanja, wakamkalisha, na mchezo ukaendelea. Kijana yule yule wa kushoto akafunga la pili mwishoni. Tukashinda.

Hapa ndipo ninapotaka kusema ukweli bila kuupaka rangi. Mchezo ulipokwisha vijana walinibeba. Mimi, ambaye sikugusa mpira. Mtoto wa vitambaa akaja akanipa mkono, akanialika kwao kahawa na halua, na akazungumza nami kwa sauti yake mwenyewe. Nilikwenda. Nikiwa mabegani mwa watu niliangalia nyuma, nikamwona Senta juu ya jiwe, mchukuzi mmoja wa Kibalushi amepiga magoti anamfunga mguu kwa kilemba chake. Alikuwa anatutazama. Nikajiambia nitapita kwake nikirudi. Nilirudi nimechelewa, mlango wao umefungwa.

Kesho yake niliona haya. Siku ya pili haya ikazidi, kwa sababu ya siku ya kwanza. Ikawa hivyo: kila siku niliyokosa kwenda iliifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi, mpaka uchochoro wenye upana wa hatua nne ukawa mpana kuliko bahari. Nilianza kutoka nyumbani kwa mlango wa nyuma. Mke wangu alikwenda kuwatazama, alipeleka uji, alirudi akanitazama bila kusema. Hakunisema hata siku moja, na mpaka leo sijui kama ilikuwa huruma au la.

Mtu asiyeweza kusimama hawezi kupima magunia. Tajiri alingoja mwezi, kisha akamweka mtu mwengine. Mimi nilikuwa karani wake, ningeweza kusema neno, ningeweza kuomba awekewe kiti. Kitu kidogo kama hicho, kiti. Nililifikiria wakati nikiandika barua za watu wengine, na sikusema.

Mkewe alikuja ghalani mara moja. Alisimama mlangoni, buibui lake limejaa vumbi la sokoni. "Shemeji," akasema, "Senta anakuulizia. Anasema Karani yuko wapi, au anaumwa?"

Nikamwambia, "Mwambie nitakuja Ijumaa, inshallah."

Sikwenda. Baada ya wiki kadhaa wakahama, wakaenda Bustani, kijiji cha pwani nyuma ya majabali, ambako mkewe alikuwa na mjomba. Walipakia vitu vyao asubuhi na mapema. Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha nikisikiliza magongo yake yakigonga mawe ya uchochoro wetu, yakienda, yakisimama, yakienda tena. Kutoka Maskati mpaka Bustani si mbali. Ni mashua, na kupiga makasia kidogo kupita majabali. Miaka zaidi ya miwili ikapita.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mwaka wa sabini, Sultani mpya ameshika nchi na mambo yamekwisha kubadilika. Redio zilikuwa zinalia madirishani, watu wanavaa miwani ya jua, iliyokatazwa zamani, bila hofu, na sisi tuliosoma Unguja tukaanza kuitwa maofisini. Mimi nilikwisha pata kazi serikalini. Mwenzangu wa ofisini alikuwa akioa Bustani, tukaenda kundi zima kwa mashua, tumevaa kanzu mpya za Kiomani, dishidasha. Baada ya chakula watu wakazungumza, na mazungumzo siku zile yalikuwa ni Kombe la Dunia, jinsi Wabrazili walivyolichukua. Mwenyeji wetu akasema, "Fundi wetu wa makubadhi naye alikuwa mchezaji, ndivyo wanavyosema. Lakini hasimulii."

Nikaweka kikombe chini. Nikauliza anakaa wapi.

Alikuwa chini ya kibanda cha makuti, mbele yake ngozi, uzi na sindano, mguu wa kulia umenyooka juu ya kigoda. Ndevu zimekuwa nyeupe. Alinitazama kama alivyonitazama siku ile kwenye mizani, muda.

"Karani," akasema. "Karibu. Kaa."

Sikukaa. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, nikayaanza nimesimama. Nikasema nimekuja kumwomba radhi kwa goti lake, kwamba mimi ndiye niliyemwambia yale maneno kibarazani, kwamba bila mimi asingecheza, na mengine ya namna hiyo. Aliniacha nimalize, huku anapitisha uzi kwenye nta.

"Goti?" akasema. "Goti lilikuwa bovu tangu Unguja. Nlijua litakwenda. Unadhani wewe ulinlazimisha? Nlikuwa nnataka kucheza, yakhe. Miaka minne nnapima ndimu na nnataka kucheza, nnangoja mtu anambie neno la kunkera, nipate sababu. Bao lile silitoi kwa goti jipya."

Nilikuwa nimeubeba mzigo ule kwa miaka, na sasa naambiwa haukuwa wangu.

"Basi sina kosa kwako?" nikauliza.

Sindano ikasimama. "Unalo. Nlikaa ndani miezi mitatu, mguu juu ya mto. Kila hatua uchochoroni nlimwambia mke wangu, tia maji jikoni, Karani huyo. Akitia. Maji yakichemka mpaka yanakauka." Akaendelea kushona. "Nlikuwa nataka mtu wa kulizungumza lile bao naye. Wewe ulikuwepo nyuma ya goli. Uliliona lilivyoingia. Mimi nlikuwa natazama mpira, sikumwona kipa. Nani mwengine angenambia?"

Nikakaa. Nilikaa chini kwenye mchanga na dishidasha langu jipya, nikamwambia. Nikamweleza mpira ulivyotoka kushoto, kifua, paja, na kipa alivyokuwa, mikono yake ilivyobaki chini, jinsi alivyogeuza kichwa tu, hakugeuza mwili. Akaniuliza uliingia juu au kati. Nikasema juu kidogo ya kiuno, karibu na jiwe la kulia. Akasema, "Karibu kiasi gani?" Nikaonyesha kwa mikono. Akatikisa kichwa, akataka nianze tena kutoka mwanzo.

Wenzangu wakaniita kutoka pwani. Mwenye mashua alitaka kuondoka kabla bahari haijachafuka. Nikanyoosha mkono kuwaambia wangoje. Wakaita mara ya pili. Nilikuwa bado sijafika penye sauti za watu, jinsi pande zote mbili zilivyopiga kelele. Walipoita mara ya tatu, kwa jina langu na cheo changu kipya, nikainuka, nikapangusa mchanga, nikasema nitakuja tena, na hapo hapo nikaisikia sauti yangu ikisema hivyo.

Senta hakuinua uso kutoka kwenye ngozi.

"Umekaa mpaka haftaimu," akasema. "Si haba."